Klaudi au programu? Mishahara na njia za kazi kwenye mizani moja

Ukifungua majedwali ya mishahara ya Idara ya Kazi ya Marekani ukamtafuta mhandisi wa klaudi, yaani anayepanga na kutunza mifumo kwenye kompyuta zinazokodiwa kupitia intaneti, hutamwona. Hana mstari wake. Wengine wamehesabiwa pamoja na wasanifu wa mitandao ya kompyuta, wengine pamoja na wasimamizi wa mitandao na mifumo, na wengine wamo humohumo kwa watengenezaji wa programu. Kwa hiyo ile picha inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikidai klaudi inalipa mara mbili ya programu, mwulize aliyeituma: huyo mhandisi wa klaudi mmemhesabu wapi?

Naanza na Marekani kwa sababu ndiko zinakotoka namba nyingi zinazowavuta vijana wetu, na kwa sababu majedwali yale yana jambo la kufundisha. Kwa hesabu za Mei 2024, mtengenezaji wa programu wa katikati, yaani yule ambaye nusu ya wenzake wanampita na nusu wako chini yake, alilipwa dola 133,080 kwa mwaka. Msanifu wa mitandao, ambaye ni jirani wa karibu wa mhandisi wa klaudi aliyekomaa, alilipwa dola 130,390. Tofauti yao haifiki dola 3,000.

Sasa shuka ngazi moja kila upande. Msimamizi wa mitandao na mifumo, anayetunza kilichokwisha kusimikwa, alipata dola 96,800. Mwandishi wa msimbo anayefuata mchoro uliochorwa na mwingine, ambaye Wamarekani humhesabu mbali na mtengenezaji, alipata kama dola 98,700. (Msimbo, yaani maagizo anayoandikiwa kompyuta, wengine huuita kodi. Mimi sithubutu kulitumia neno hilo kwenye makala ambayo mbele itagusa kodi yenyewe, ile ya TRA na KRA.) Yaani ndani ya kila fani pana pengo la dola zaidi ya 30,000, lakini kati ya fani na fani ni chenji tu. Makadirio ya idara hiyohiyo hadi mwaka 2034 yanafuata mkondo huo: kundi la watengenezaji wa programu linatarajiwa kukua kwa asilimia 15 na wasanifu wa mitandao asilimia 12, huku watunzaji na wafuata-mchoro wakipungua.

Ndiyo maana swali la ipi inalipa zaidi halinisumbui sana. Linalonisumbua ni hili: ukianzia hapo ulipo, na pesa uliyo nayo, ni njia ipi itakufikisha mapema kwenye meza ya wanaobuni?

Nani anafanya nini

Chukua siku ya matokeo ya kidato cha nne. Tovuti iliyokaa kimya miezi kadhaa ghafla inafunguliwa na nchi nzima: wazazi, wanafunzi, walimu, hata mjomba aliyeko Muscat. Aliyetengeneza ule ukurasa wa kutafuta shule, akahakikisha namba ya mtahiniwa inaleta matokeo ya mtahiniwa huyo na si ya mwingine, ni mhandisi wa programu. Aliyepanga seva ziongezeke umati unapofika, zipungue umati ukiondoka, na bili isije ikaumiza mwisho wa mwezi, ni mhandisi wa klaudi. Wa kwanza anaishi na lugha za kuandikia programu kama Python, Java au JavaScript. Wa pili anaishi na Linux (mfumo endeshi wa seva nyingi), mitandao, Terraform (zana ya kuagiza seva kwa kuandika faili) na Kubernetes (zana ya kuendesha programu kwenye seva nyingi kwa pamoja), na kinyume cha wengi wanavyodhani, naye anaandika msimbo. Ambaye anakimbilia klaudi ili akwepe kuandika msimbo amepotea njia mapema.

Nitazipima fani hizi kwa mambo matano: mlango wa kuingilia, gharama ya kujifunza, pesa mkononi, usiku na Jumapili, na kesho yake. Sitatumia urefu sawa kwa kila kimoja, kwa sababu havina uzito sawa.

Mlango wa kuingilia

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo watu wanapokosea.

Programu ina mlango wa mtu asiye na uzoefu. Kazi yako inaonekana. Unaweza kutengeneza mfumo mdogo wa duka la dawa la jirani, ukaweka kwenye simu yako, na mwajiri akaugusa kwa kidole chake. Tangu Safaricom ifungue Daraja, mlango wa kuunganisha programu za watu na M-Pesa, mwaka 2017, mwanafunzi wa Eldoret anaweza kuunganisha malipo ya M-Pesa kwenye programu yake bila kumjua mtu yeyote ofisini. Sheria nazo huzalisha kazi. KRA ilipowataka wafanyabiashara watoe ankara kupitia eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, maelfu ya mifumo ya mauzo ilibidi iunganishwe, na aliyeunganisha ni mtu wa programu. Tanzania, kila taasisi ya umma inayopokea malipo kwa namba za GePG, mfumo wa serikali wa kukusanya malipo, inahitaji mfumo unaozungumza na GePG. Waajiri wa aina hii ni wengi na ni wadogo wadogo, nao hukubali kumchukua aliyetoka fildi juzi.

Shida ni foleni. Karibu kila mhitimu wa kompyuta anagonga mlango huohuo, pamoja na waliosoma kozi za miezi sita na waliojifunza wenyewe kitandani. Na mlango unaweza kufungwa kwa wanagenzi hata wakati wakongwe wanaendelea kutafutwa: mwaka 2019 Andela, kampuni inayowaunganisha watengenezaji wa Afrika na wateja wa nje, iliwaachisha kazi watengenezaji wachanga wapatao 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya, kwa maelezo kwamba wateja wake walikuwa wanataka wenye uzoefu.

Klaudi, kwa sehemu kubwa, ni mlango wa pili. Sijui benki itakayompa mtu wa siku ya kwanza kazini funguo za mifumo inayopitisha pesa za wateja, na ikimpa, hamisha akiba yako. Wengi huingia klaudi wakitokea kwingine: kwenye mitandao, kwenye usimamizi wa seva, kwenye dawati la msaada wa kompyuta, au kwenye programu yenyewe. Duka la dawa halihitaji mhandisi wa klaudi. Anayemhitaji ni benki, kampuni ya simu, shirika la bima, hospitali kubwa, mradi wa kimataifa wa afya, au kampuni ya malipo iliyokwisha kukua. Wako wachache, wako Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali, na kila mmoja ana kitu kikubwa cha kupoteza mfumo ukilala.

Lakini foleni ni fupi, na kuna watu walio mbele yake bila kujua. Yule kijana wa kitengo cha kompyuta anayeitwa kila mashine ya kuchapa ikigoma, ambaye ndiye pia anayejua seva ya ofisi imewekwa chumba gani na nenosiri lake liko kwa nani, ana nusu ya kinachotakiwa. Programu haimpi faida hiyo. Klaudi inampa.

Gharama ya kujifunza

Programu ni rahisi kwa mfuko: kompyuta mpakato ya mitumba, bando na muda. Hakuna cheti kinachodaiwa na kila tangazo, na mwajiri makini hutazama ulichotengeneza kuliko karatasi. Gharama iliyojificha ni muda. Mwaka mzima bila kipato, ukijifunza, ni pesa nyingi kwa nyumba nyingi.

Klaudi ina bei zilizobandikwa ukutani. Mtihani wa kuanzia wa AWS, yaani klaudi ya Amazon, uitwao Cloud Practitioner, ni dola 100. Ule wa Solutions Architect ngazi ya Associate, ambao ndio unaoanza kuheshimiwa, ni dola 150, na ukifaulu unapewa nusu bei kwa mtihani unaofuata. Vyeti vya AWS huisha baada ya miaka mitatu. Vya Azure, klaudi ya Microsoft, vya ngazi ya Associate huhuishwa kila mwaka, ila mtihani wa kuhuisha ni bure na unafanyia nyumbani. Cheti cha Kubernetes ni ghali zaidi ya hivyo, nacho mtihani wake ni wa vitendo: unapewa mfumo mbovu na saa mbili.

Gharama ya hatari ni mazoezi. Ili ujifunze lazima uwashe mashine za kweli kwenye akaunti yako, na kadi ya benki au ile ya Visa ya ndani ya M-Pesa ikiwa imeunganishwa. Ukisahau kuzima, unaletewa bili ya dola kwa uzembe wa usiku mmoja. Weka onyo la bajeti siku ya kwanza, kabla hujawasha chochote. Tangu Julai 2025 AWS imebadilisha utaratibu wa bure: akaunti mpya hupewa salio la hadi dola 200 badala ya ule mwaka wa kujaribu uliozoeleka, kwa hiyo video za zamani za YouTube zitakudanganya hapo.

Hoja yangu kuhusu vyeti: kimoja kinafungua mazungumzo, viwili vinaonyesha nia, vitano bila kazi hata moja ya mikono vinamtia shaka anayekuhoji.

Pesa mkononi

Hapa Afrika Mashariki mshahara unaamuliwa na nani anakulipa kuliko jina la kazi. Kuna ngazi tatu. Ya chini ni kampuni ndogo ya hapa, inayolipa kwa shilingi na wakati mwingine kwa kuchelewa. Ya kati ni benki, kampuni ya simu, mashirika ya kimataifa na vituo vya kampuni kubwa kama vile Microsoft na Google walivyofungua Nairobi. Ya juu ni mwajiri wa nje anayekulipa kwa dola au euro ukiwa kwako Kijitonyama au Kasarani.

Mhandisi wa programu yumo kwenye ngazi zote tatu, na kwa kuwa ngazi ya chini imejaa watu wa programu, wastani wao huonekana mdogo. Mhandisi wa klaudi hana ngazi ya chini. Anaanzia ya kati. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya klaudi ionekane inalipa zaidi: unamlinganisha mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka mitatu na mwanagenzi. Mlinganishe na mwenzake wa programu mwenye miaka hiyohiyo kwenye benki hiyohiyo, utakuta wamekaribiana.

Kwenye ngazi ya juu, programu ina soko pana zaidi. Kampuni ya Berlin au London inaweza kukupa kipande cha kazi, ukakifanya na kukirudisha, bila kukukabidhi funguo za nyumba nzima. Klaudi inahitaji funguo, na funguo hazitolewi kirahisi kwa mtu aliyeko nchi nyingine. Wapo wanaozipata, lakini hupitia majina ya watu wanaowafahamu na miaka ya kazi. Ghuba ni habari nyingine kidogo: AWS ilifungua vituo vya seva Bahrain mwaka 2019 na Falme za Kiarabu mwaka 2022, kwa hiyo watu wa klaudi wanatakiwa huko, ila mara nyingi kwa kuhamia. Falme za Kiarabu hazikati kodi ya mapato kwenye mshahara. Pango la nyumba Dubai litazichukua baadhi ya hizo pesa.

Kabla ya kuringia ofa, fanya hesabu ya mkononi. Kenya, ukiwa juu ya shilingi 108,000 na chini ya laki tano kwa mwezi, kila 10,000 inayoongezwa hukatwa SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, kisha PAYE (kodi ya mshahara) asilimia 30 ya inayobaki. Unaondoka na kama 6,700. Tanzania, ukishavuka milioni moja, laki moja ya nyongeza ikitolewa NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 10 na kodi asilimia 30 inabaki 63,000, na hapo mkopo wa chuo wa HESLB haujakatwa. Kwa hiyo ofa ya klaudi inayozidi ya programu kwa kiasi kidogo, lakini ina zamu za usiku, huenda inakulipa nauli ya bodaboda kwa usingizi wako.

Na anayelipwa kwa dola asisahau kwamba dola nayo hupanda na kushuka. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa ikienda kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Kufikia nusu ya pili ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 129. Mtu wa dola 1,500 alitoka kwenye 240,000 akajikuta kwenye 193,500, bila bosi wake kumpunguzia senti. Fani yake haikumkinga.

Usiku na Jumapili

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, Tanzania ikiwa kati ya walioumia zaidi. Kwa watu wengi wa programu, siku hiyo ilikuwa ya kulalamika kama raia wengine. Kwa wa klaudi na mitandao ilikuwa siku ya kazi.

Tarehe 20 Oktoba 2025, kituo kikubwa cha AWS cha Virginia kilipata hitilafu kwenye DNS, ile orodha inayotafsiri majina ya huduma kuwa anwani za mashine, na huduma nyingi duniani zikaanguka. Kwetu ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi. Jambo ambalo nje ya fani halisemwi ni hili: mhandisi wa klaudi siku kama ile mara nyingi hana la kurekebisha, kitu si chake. Anabaki kupokea simu za wakubwa na kueleza. Ukiwa huwezi kuvumilia kulaumiwa kwa mvua usiyoinyesha, fikiri mara mbili.

Programu ina presha yake: tarehe ya kukabidhi, mteja anayebadili mawazo, wiki mbili za kulala saa nane usiku. Lakini hiyo huja kwa msimu na unaiona ikija. Ila ukifanya kazi na kampuni ya California, mkutano wao wa saa nne asubuhi ni saa mbili au tatu usiku kwako, uwe wa programu au wa klaudi. Ulaya inafaa zaidi kwa wenye watoto.

Kesho yake

Zana za akili bandia zinaandika msimbo wa kawaida vizuri, na zinaandika faili za Terraform vizuri vilevile. Sioni fani iliyo salama kuliko nyingine. Kinacholiwa kwanza ni kile kile ambacho majedwali ya Marekani yanaonyesha kupungua: kutekeleza mchoro wa mwingine.

Klaudi ina upepo wa kikanda nyuma yake. Vituo vya seva vya karibu vya kampuni kubwa vilifunguliwa Afrika Kusini: Azure mwaka 2019, AWS Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg Januari 2024. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania iliyoanza kutumika Mei 2023, zinawalazimu wakubwa waulize data yao imelala wapi. Mtu anayeweza kujibu swali hilo na kuchora njia ya kuhamisha mfumo bila kuuzima ana kazi kwa muda mrefu. Programu kwa upande wake ina upana: ukichoka na benki unahamia kilimo, elimu, afya, au unaanzisha chako. Ni vigumu kuanzisha kampuni kwa ujuzi wa klaudi peke yake, isipokuwa ya ushauri.

Ukuta kati yao ni mwembamba pia. EC2, ile huduma ya Amazon ya 2006 iliyozoesha dunia kukodi kompyuta kwa saa, ilijengwa kwa sehemu kubwa na timu ndogo ya Cape Town chini ya Chris Pinkham. Walikuwa watu wa programu wakijenga klaudi kabla jina halijashika.

Kwa hali yako

Kama umemaliza chuo mwaka huu, huna kazi na una kompyuta tu, anza na programu, hasa upande wa seva na hifadhidata, na kila unachotengeneza kiweke mwenyewe kwenye seva ya kukodi. Utakuwa unajifunza klaudi bila kuilipia mtihani.

Kama uko kwenye kitengo cha kompyuta cha benki, halmashauri au hospitali, usirudi nyuma kuanza programu kutoka sifuri. Omba ushirikishwe kwenye uhamishaji wowote wa mifumo unaokuja, jifunze Linux na Python ya kutosha, kisha fanya mtihani mmoja wa ngazi ya Associate. Mwombe mwajiri aulipie. Wengi hukubali wakiombwa kwa maandishi.

Kama una miaka mitatu au minne kwenye programu na umechoka na skrini za fomu, klaudi itakulipa vizuri kwa sababu unaelewa kinachokimbia juu ya seva. Jadili posho ya zamu kabla ya kusaini, na uulize mko wangapi kwenye zamu. Wakisema uko peke yako, hiyo si zamu.

Kama shabaha yako ni kulipwa kwa dola ukiwa nyumbani ndani ya miaka michache, programu ina milango mingi zaidi. Kama ni Dubai au Doha, klaudi pamoja na usalama wa mifumo ina uzito.

Na kama una mtoto mchanga au unauguza mzazi usiku, subiri kwanza kuhusu klaudi. Mwaka mmoja wa programu hautakuharibia kitu, na ile simu ya saa tisa usiku itakuwepo tu.